Mwenye Duka Ako?

Mteja aliingia na haraka zake, akapitisha macho juu ya kichwa cha dada yangu kana kwamba kaunta haina mtu, akatua kwangu. "Bosi, nataka kutoa elfu nane."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti ya soda kule nyuma, nakula mandazi na kuchaji simu. Si bosi wa mtu yeyote. Nilikuwa nimeshuka basi la usiku kutoka Nairobi asubuhi hiyo hiyo, na nauli ya kurudi sina. Dada akasema, "Leta kitambulisho," bila kuinua kichwa. Yule mzee akanyoosha mkono, akanipa mimi kitambulisho. Nikampa dada. Dada akamtajia namba ya wakala, akaandika kitabuni, akahesabu noti nane, akampa. Muda huo wote mzee anapiga stori na mimi: mvua, bei ya mbolea, serikali. Akitoka akaniambia, "Asante sana, bosi."

Dada alicheka hadi akashika kaunta. "Afadhali leo kuna wa kusalimiwa. Siku zingine wananiangalia tu hivi, halafu wananiuliza, mwenye duka ako?"

Mwenye duka ako. Ako hapo miaka sita sasa, Langas, Eldoret, kati ya bucha na fundi wa simu. Ikifika saa nne asubuhi anajua kama floti itamfikisha jioni au kashi itaisha kwanza, na anajua bila kalamu. Mwisho wa mwezi komisheni ikiingia, inaingia kiasi kile kile alichokuwa ameandika kwa penseli nyuma ya kalenda.

Nimeanza na duka kwa sababu swali la kama wanaume na wanawake wanatofautiana kweli limekuwa kama mchezo huko mitandaoni. Kuna timu mbili, kila timu ina mashabiki, na kila wiki kuna mtu anasema wanawake wako hivi na wanaume wako vile, watu wanarushiana maneno hadi saa nane usiku. Mimi pia nimekuwa huko, sitajifanya. Lakini nyumbani kwetu swali hili lilijibiwa siku moja, sebuleni, na jibu hilo likalipiwa karo.

Dada alifanya KCSE mwaka 2015 akapata B+, hesabu A. Akaitwa chuo. Mwaka uliofuata baba akaugua, pesa ikaenda hospitali, dada akaambiwa asubiri kidogo. Baba akafariki. Mimi nikafanya mtihani 2017, nikapata B-, hesabu C+. Januari 2018 kikao kikaitwa: mama, baba mdogo, binamu wawili wa baba, na mzee mmoja wa kanisa. Pesa ya kumtunza mtoto mmoja chuoni ilikuwa inaweza kupatikana. Ya wawili, hapana. Mimi niliketi na wanaume, kidevu bado laini kama cha mtoto. Dada alikuwa jikoni, akipikia chai kikao kilichokuwa kinamjadili.

Baba mdogo alisema: "Huyu msichana ana akili, hakuna anayebisha. Lakini ataolewa. Na hesabu za chuo si hizi za shule. Zile zinataka kichwa cha mwanaume."

Nilikuwa na C+. Nilijua C+ yangu ilivyopatikana: dada alinifundisha likizo nzima, usiku, akinichorea pembetatu nyuma ya risiti. Wakanigeukia. "Wewe unasemaje, kijana?" Nikasema asante. Nikaenda kusoma uchumi na takwimu.

Baba mdogo si mtu mbaya, na nikimwandika kama mtu mbaya nitakuwa nimedanganya. Aliuza ng'ombe wa maziwa ili mimi niende. Wakati huo na yeye alikuwa na watoto wanne. Alichofanya ni kile ambacho watu wengi wenye heshima zao hufanya: alikuwa na rasilimali kidogo, akaiweka mahali ambapo alidhani itazaa. Kama kweli vichwa vya wanaume vinafaa hesabu kuliko vya wanawake, basi alifanya uamuzi wa mtu mwerevu. Ndiyo maana siwezi kulichukulia swali hili kama mzaha. Iko nyumba mahali fulani leo inapiga hesabu kama ile.

Na baba mdogo anajua kubishana. Juni 2025, Faith Kipyegon alipokwenda Paris kujaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, tulikuwa kwake, tumejazana kwenye simu moja. Alikuwa na viatu maalum, nguo maalum, na kundi la wakimbiaji wa kumkinga upepo, wanaume kwa wanawake. Akamaliza kwa dakika nne na sekunde sita na kitu. Hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi hiyo. Baba mdogo akazima simu, akaniangalia. "Mwingereza Bannister alikimbia chini ya dakika nne mwaka 1954, kwenye njia ya changarawe, na yeye alikuwa mwanafunzi wa udaktari, si mkimbiaji wa kulipwa. Huyu ni bora kuliko wanawake wote duniani, amesaidiwa na kila kitu, na hakuweza. Sasa niambie tena hakuna tofauti."

Sikuwa na jibu, na sidhani ninapaswa kuwa na jibu la kukanusha. Tofauti ipo. Ukikua Eldoret huwezi kujifanya huijui. Unaiona barabarani kila asubuhi, kundi la wanaume likipita, kundi la wanawake likifuata nyuma. Moyo, mapafu, misuli, himoglobini, vyote hubadilika balehe ikifika. Wanaosema ni mambo ya malezi tu hawajawahi kusimama kando ya barabara ya Iten.

Lakini nilirudi Nairobi na lile swali kichwani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandikia watu kwa malipo na muda wa kusomasoma ninao, nikaanza kufuatilia mbio zenyewe.

Mwaka 1928, kwenye Olimpiki za Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800. Baadhi yao walilala chini walipomaliza, kama wanavyolala wanaume wakimaliza, magazeti yakaandika kana kwamba kumetokea msiba. Mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake kwenye Olimpiki hadi 1960. Marathoni ndiyo usiseme. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alikimbia Boston akiwa na namba yake kifuani, msimamizi mmoja akamrukia njiani kujaribu kuing'oa. Kulikuwa na watu wazima, wenye vyeo, walioamini kizazi cha mwanamke kingeanguka akikimbia mbali hivyo. Boston iliwafungulia wanawake rasmi 1972. Olimpiki ikawapa marathoni mwaka 1984.

Sasa sikia hesabu, maana hapa ndipo niliposhika kichwa. Mwaka 1966 mwanamke anayeitwa Bobbi Gibb alijificha vichakani Boston, akaingia mbioni bila namba, akamaliza kwa saa tatu na dakika ishirini na moja hivi. Rekodi ya wanaume wakati huo ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili. Tofauti: zaidi ya saa nzima. Kama ungekuwa mtu wa busara mwaka ule, unayeheshimu ushahidi, ungesema maumbile yamewatenga wanaume na wanawake kwa saa moja na dakika tisa. Ungekuwa na namba zako mkononi. Kisha Tegla Loroupe akakimbia 2:20:47 Rotterdam, mwaka 1998. Catherine Ndereba 2:18:47 Chicago, 2001. Brigid Kosgei 2:14:04, Chicago tena, 2019, wakati rekodi ya wanaume ilikuwa ile ya Kipchoge ya Berlin, 2:01:39. Tofauti ikawa dakika kumi na mbili na sekunde kidogo.

Miili ya wanawake haikubadilika kati ya 1966 na 2019. Kwa hiyo zile dakika hamsini na kitu zilizopotea zilikuwa nini? Zilikuwa kukosa kocha, kukosa mashindano, kukosa zawadi ya pesa, kuchota maji kabla ya mazoezi, kujificha vichakani. Sehemu kubwa kabisa ya kile kilichoitwa maumbile ilikuwa ni mlango uliofungwa. Na sehemu iliyobaki, zile dakika kumi na mbili, huenda ni maumbile kweli. Mimi sina shida nazo. Ninachosema ni kwamba mtu wa 1966 hakuwa na njia ya kuzitenganisha. Mwingereza John Stuart Mill aliliandika hili mwaka 1869, kwamba hakuna anayeweza kujua tabia ya asili ya wanawake maadamu wamelelewa wakiwa wamebanwa. Alikuwa mwanafalsafa, watu wakaona ni falsafa tu. Ilibidi Wakenya wakaipime kwa saa.

Kuna jambo la pili kuhusu mbio, dogo lakini linanichekesha. Baba mdogo akiwa upande wa "wanaume ni wepesi" hujihesabu humo. Yeye hawezi kukimbia hadi stendi ya matatu. Kosgei angemaliza marathoni, aoge, anywe uji, alale, na baba mdogo bado angekuwa njiani. Wastani wa kundi ni kitu cha kundi. Huwezi kuukopa.

Na kama hata miguuni tofauti ya kweli ilikuwa imefichwa na mlango, vipi kichwani, ambako hakuna saa ya kupimia? Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani, Janet Hyde, alikusanya majumuisho 46 ya tafiti za tofauti za kijinsia: hesabu, lugha, kujiamini, uongozi, kila kitu. Nyingi kati ya tofauti hizo zilikuwa ndogo au karibu na sufuri. Zilizosimama kwa ukubwa zilikuwa mambo kama kurusha kitu kwa nguvu na mbali. Ukali wa kupigana nao uliegemea kwa wanaume, na kwa hilo sihitaji Marekani. Magereza yetu yanatosha. Lakini hesabu? Pengo lilikuwa dogo mno kuamua nani apewe ng'ombe wa maziwa. Nishani ya Fields, ile ya wanahisabati, ilianza kutolewa 1936 na haikumfikia mwanamke hata mmoja hadi Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Iran, mwaka 2014. Miaka sabini na minane mtu angeweza kusema: ona. Halafu mlango ukafunguka kidogo, na 2022 akaingia mwingine, Maryna Viazovska wa Ukraine.

Lugha yetu nayo ina vituko vyake. Kiswahili hakina "yeye" ya mwanaume na "yeye" ya mwanamke. Mtu akipiga simu akauliza "ako?", hujui anamtafuta kaka au dada. Unaweza kusimulia hadithi nzima ya mwenye duka na msikilizaji asijue. Halafu lugha hiyo hiyo, ikifika kwenye ndoa, inagawa watu mara moja: huyu ameoa, yule ameolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Mkono wa kulia ni mkono wa kuume, wa kushoto ni wa kuke. Na ushujaa, msomaji, tukiutaka tunasema kiume: pambana kiume, vumilia kiume.

Ndiyo maana siku hizi wazee wa nyumbani, wakitaka kumsifu dada, wanasema, "Huyu ni mwanaume." Dada ndiye aliyeweka paa jipya la mama. Dada ndiye aliyelipa bili ya hospitali ya baba mdogo mwaka jana, na baba mdogo akasimama mbele ya watu akiwa na machozi kidogo akasema, "Mungu alinipa mwanaume nikadhani ni msichana." Watu walipiga makofi. Mimi pia.

Baadaye ndiyo nikafikiria. Sisi si Wanandi, lakini tumeishi nao maisha yetu yote, na jirani yetu wa zamani, bibi mmoja tuliyemwita gogo, alikuwa ameolewa na mwanamke. Si siri na si mapenzi mnayofikiria. Ni desturi ya miaka mingi, na Wakisii, Wakuria na Wakamba wana zao. Mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume analipa mahari, anaoa msichana, msichana anazaa na mwanaume aliyekubaliwa, na watoto wanakuwa wa yule mama mwenye mali. Kwa Wanandi, kuanzia siku hiyo yeye ni mwanaume. Wanasema hivyo waziwazi. Anaweza kuachana na kazi za kike, anahesabiwa na wanaume.

Nilipokuwa mdogo niliona ni ajabu. Nilipokua nikaona ni jambo la kupendeza, nikawa nawaambia watu Nairobi: mnaona, Waafrika walijua tangu zamani kwamba uanaume ni cheo, unaweza kupandishwa. Sasa naona pia upande wake mwingine. Desturi ile inasaidia nini? Inasaidia mali ipate mrithi wa kiume. Yaani ilikuwa rahisi kumgeuza bibi mzee kuwa mwanaume kuliko kumpa binti shamba. Kuliko kubadilisha kanuni, walibadilisha mtu.

Na "huyu ni mwanaume" ya baba mdogo ni ile ile. Kila mwanamke anayefanya kile tulichosema hawezi, tunamwondoa kwenye hesabu ya wanawake. Kwa njia hiyo kanuni haivunjiki kamwe. Unaweza kuwa na wanawake elfu wa hesabu, na bado hesabu ikawa ya kichwa cha mwanaume, kwa sababu wote elfu umeshawaita wanaume.

Sasa niseme yangu. Nimekuwa nikizunguka.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, 2021. Si Korona, ingawa nilitumia Korona kama kisingizio. Nilikuwa nashindwa. Mitihani ya hesabu nilirudia, nikashindwa tena, nikawa naingia darasani naona alama ubaoni kama maandishi ya Kichina. Siku moja sikwenda. Wiki ikaisha. Nikahama bweni, nikakaa na rafiki Kahawa West, nikaanza kuandikia watu makala za mtandaoni: bei za vyumba, namna ya kufuga kuku, barua za mapenzi. Na sikumwambia mtu. Miezi minane. Dada alikuwa anatuma elfu nne kila mwezi ya chakula na chumba, na mara moja akatuma elfu kumi na mbili na mia tano ya karo. Niliipokea yote. Kila mwezi ujumbe unaingia, jina lake linaonekana kwenye simu, nami najibu "Asante dada, masomo yako sawa."

Najiuliza kama ningekuwa msichana ningesema mapema. Wasichana niliokuwa nao darasani walilia, waliambiana, walikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, mmoja alibadilisha kozi. Sisi vijana tulikuwa tunaambiana "jikaze". Huenda ni maumbile, wanaume hawasemi. Huenda. Lakini nakumbuka kwamba kwenye kikao kile hakuna aliyeniuliza kama napenda hesabu. Niliulizwa nasemaje, na jibu lilikuwa moja tu. Kichwa cha mwanaume kilikuwa kimeshanunuliwa kwa ng'ombe. Ningekirudishaje dukani niseme hakifanyi kazi? Kanuni iliyomfungia dada nje ilinifungia mimi ndani. Sisemi ni sawa. Mimi nililala kwa pesa yake; yeye alisimama kaunta. Ila mlango ulikuwa mmoja.

Nilimwambia kwa simu, usiku, kwa sababu ana kwa ana singeweza. Alinyamaza kitambo. Nikasikia anafunga mlango wa chuma wa duka, ile kelele yake. Kisha akauliza, "Ni somo gani lilikushinda?"

Nikamtajia.

"Ungenipigia," akasema. "Ningekusaidia."

Ndicho kitu pekee alichosema usiku ule, na sijawahi kuambiwa neno lililoniuma kama hilo.

Sasa amejiandikisha masomo ya mtandaoni, takwimu, analipa mwenyewe kidogo kidogo. Anasoma kaunta, kati ya mteja na mteja, simu moja ya wateja na simu nyingine ya masomo. Hajaniambia kama anafanya vizuri na sijathubutu kuuliza, lakini baba mdogo alipita wiki iliyopita akamwona na daftari, akauliza ni hesabu za duka? Akamwambia hapana, za chuo. Mzee akatazama zile alama kwa muda mrefu. "Kweli wewe ni mwanaume," akasema.

"Mimi ni msichana wako, baba," dada akamjibu. "Unatoa au unaweka?"

Mzee akaweka mia tano.

Mimi deni langu liko kwenye kitabu kile kile cha duka, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wake. Elfu nne mara nane, thelathini na mbili elfu. Jumlisha kumi na mbili na mia tano. Nimelipa elfu kumi na saba na mia tano hadi sasa, kwa makala za kuku na vyumba. Kila nikituma, anajibu kwa namba tu. Ya mwezi huu ilisema: 27,000.